Umeme wa jua nyumbani: Afueni ya serikali iko wapi?

MWENYE nyumba anayetaka kuweka paneli za sola juu ya paa lake humu nchini hatatumiwa hundi na Hazina ya Kitaifa ili kumpunguzia gharama. Hakuna ofisi ya serikali ambako mtu hupeleka risiti ya paneli na betri kisha akarudishiwa sehemu ya fedha zake, kama ilivyo katika baadhi ya mataifa ya kigeni.

Hata hivyo, si kweli kwamba serikali haina mchango wowote. Mkono wake umo ndani ya bei yenyewe, kupitia ushuru ambao hautozwi. Umo pia katika kanuni zinazomruhusu mwananchi kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi ya taifa, na katika miradi iliyolenga kaunti ambazo nyaya za umeme hazijafika. Tatizo ni kwamba afueni hizi hazionekani kwa macho, na mnunuzi asiyezifahamu anaweza kulipa bei kamili huku faida ikibaki mfukoni mwa mwuzaji.

Suala hili limepata uzito zaidi katika miaka ya hivi karibuni. Mnamo 2023, taifa lilitumbukia gizani Agosti, Novemba na Desemba, baada ya gridi kuporomoka. Familia nyingi zilizokuwa zikichukulia sola kama kitu cha vijijini tu zilianza kuuliza bei yake mijini.

Msamaha wa VAT

Afueni kubwa zaidi ni msamaha wa Ushuru wa Thamani ya Ziada (VAT). Sheria ya Fedha ya 2021 iliondoa ushuru huo kwa vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo. Vilivyotajwa kwa majina ni paneli, vidhibiti vya chaji, inveta za mkondo mnyoofu, na betri za kuhifadhi umeme wa jua.

Ili kufahamu uzito wa msamaha huo, tuseme vifaa vya nyumba moja vinagharimu Sh200,000 kabla ya ushuru. VAT ya asilimia 16 ingeongeza Sh32,000 juu ya bei hiyo, na mnunuzi angetoa Sh232,000. Kwa mwalimu au mfanyabiashara mdogo, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo inayoamua iwapo atanunua betri ya pili au ataishi bila hiyo.

Lakini msamaha huu una masharti. Kwanza, sheria ilisema kwamba hutolewa kwa mapendekezo ya Waziri wa Kawi kwa Kamishna wa Ushuru. Maana yake ni kuwa karatasi hushughulikiwa na mwagizaji wa bidhaa, wala si mwenye nyumba. Mnunuzi wa rejareja humtegemea mfanyabiashara afuate utaratibu huo na kisha apunguze bei ipasavyo.

Pili, msamaha ni wa vifaa, si wa kazi yote. Nyaya za kawaida, vyuma vya kushikilia paneli paani na balbu havitajwi kwa majina katika orodha hiyo, na ujira wa kampuni ya ufundi iliyosajiliwa kulipa VAT ni jambo jingine. Ndiyo sababu ankara nzuri hutenganisha bei ya kila kifaa, gharama ya kazi, na ushuru uliotozwa kwa kila kimoja. Ankara yenye jumla moja tu humficha mnunuzi anacholipia.

Tatu, kuna ada nyingine bandarini. Paneli zenyewe hazitozwi ushuru wa forodha chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini bidhaa nyingi ziingiazo nchini hulipiwa ada ya tamko la uagizaji, ambayo ilishushwa hadi asilimia 2.5 mwaka wa 2023, na ada ya ustawi wa reli, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 2 mnamo Desemba 2024. Ada hizi si VAT, na msamaha wa VAT hauzifuti.

Kuna pia tofauti ambayo wengi hawaifahamu kati ya bidhaa iliyosamehewa VAT na bidhaa inayotozwa VAT kwa kiwango cha sifuri. Kwa masikio ya mnunuzi, yote mawili ni kusema kwamba ushuru haupo. Kwa mfanyabiashara, mambo ni tofauti kabisa.

Bidhaa ikisamehewa, mwuzaji hawezi kudai arejeshewe VAT aliyolipa katika shughuli zake, kama vile kodi ya ghala au matangazo. Gharama hiyo huingia kimyakimya katika bei. Bidhaa ikiwa katika kiwango cha sifuri, mwuzaji anaruhusiwa kudai marejesho hayo kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA), na hivyo anaweza kuuza kwa bei nafuu zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka betri za sola na zile za lithiamu katika kiwango cha sifuri, lakini miaka miwili tu baadaye Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza zihamishiwe katika orodha ya bidhaa zilizosamehewa.

Ushuru uliopanda na kushuka

Mvutano huo si mgeni. Historia ya ushuru wa sola nchini ni ya kuondoa, kurudisha na kuondoa tena.

Sheria ya VAT iliyoanza kutumika Septemba 2013 ilifuta misamaha mingi, na vifaa vya sola vikajikuta ndani ya wavu. Mwaka uliofuata, Bunge lilirekebisha sheria hiyo na kuvitoa. Kwa takriban miaka sita biashara ikanawiri, hasa ile ya mitambo midogo ya nyumbani.

Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya 2020. Serikali, ikiwa na njaa ya mapato wakati wa janga la korona, ilirudisha VAT kwa vifaa hivyo. Wakati huo kiwango cha VAT kilikuwa kimeshushwa hadi asilimia 14, lakini kilirejea asilimia 16 Januari 1, 2021, na mzigo ukazidi. Wafanyabiashara wa sekta hiyo walilalamika kwamba waliokuwa wakiumia ni wale wasio na umeme kabisa. Baada ya mwaka mmoja tu, Sheria ya Fedha ya 2021 ikarejesha msamaha.

Funzo la kisa hiki ni kwamba ushuru wenyewe si hasara pekee. Mtambo wa sola hununuliwa ili utumike kwa miaka 20 au zaidi, ilhali sheria inayouhusu yaweza kubadilika kila Julai. Mwekezaji anayetaka kuagiza makontena ya paneli hujiuliza kama bei aliyopiga hesabu leo itakuwapo shehena itakapotia nanga Mombasa. Hofu hiyo nayo hugeuka kuwa gharama, na anayeilipa hatimaye ni mnunuzi.

Kupeleka umeme kwenye gridi

Njia ya pili ya afueni inawahusu wale ambao tayari wameunganishiwa umeme wa Kenya Power. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuingia mkataba wa kubadilishana umeme na msambazaji. Kanuni za kutekeleza mpango huo zilichapishwa mwaka wa 2024.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Mchana, jua likiwa kali na watu wakiwa kazini, paneli huzalisha umeme mwingi kuliko unaotumika nyumbani. Ziada hiyo hutoka kupitia mita inayohesabu pande mbili na kuingia kwenye gridi. Usiku, nyumba huchota umeme kutoka gridi, na mteja hupunguziwa uniti alizokwisha kupeleka.

Lakini hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Kanuni hizo hazimpi mteja uniti moja kwa kila uniti anayopeleka; humpa nusu. Aidha, ziada hiyo si pesa taslimu. Ni akiba ya uniti za kupunguza bili, na haidumu milele katika akaunti ya mteja.

Chukua mfano wa nyumba inayozalisha uniti 10 kwa siku. Wenyewe wanatumia 6 mchana na kupeleka 4 kwenye gridi. Kwa hizo 4 wanahesabiwa 2. Usiku wakitumia uniti 5 kutoka gridi, watalipia 3. Lau wangehesabiwa uniti kwa uniti, wangelipia 1 pekee.

Sababu ya kukata nusu inaeleweka, hata kama haimfurahishi mwenye paneli. Gridi ina gharama zake: nguzo, nyaya, transfoma na mikataba ya kununua umeme kutoka kwa wazalishaji wakubwa. Mwenye sola anayeitumia gridi kama ghala la usiku bila kuchangia gharama hizo huwaachia mzigo wateja wengine. Na wateja hao mara nyingi ni wapangaji wa vyumba vya kukodisha, ambao hawana paa la kuwekea paneli.

Kwa mwenye nyumba, hesabu hiyo ina maana moja ya vitendo. Uniti inayotumika nyumbani wakati jua linawaka ina thamani mara mbili ya ile inayopelekwa nje. Kupiga pasi, kufua kwa mashine, kusukuma maji hadi kwenye tangi na kupasha maji moto saa sita mchana badala ya saa mbili usiku huokoa pesa zaidi kuliko kuongeza paneli nyingine.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wengi ni kwamba mtambo uliounganishwa na gridi bila betri huzimika pindi umeme wa gridi unapokatika, hata kama jua linawaka. Hufanywa hivyo makusudi. Endapo paneli zingeendelea kusukuma umeme kwenye nyaya, fundi anayerekebisha hitilafu barabarani angeweza kufa. Kwa hiyo, anayenunua sola kwa sababu ya kuchoshwa na giza hana budi kugharimia betri na inveta inayoweza kujitenga na gridi.

Kaunti 14 zilizolengwa

Kwa wale ambao hawana mita ya Kenya Power kabisa, ahadi ya kupeleka umeme kwenye gridi haina maana. Kwa ajili yao, serikali ilianzisha mradi wa KOSAP kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulioidhinishwa 2017.

Mradi huo ulilenga kaunti 14: Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Marsabit, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale, Taita Taveta na Narok. Hizi ni sehemu ambako boma moja laweza kuwa kilomita kadhaa kutoka jingine, na kuvuta nyaya hadi kila mlango ni sawa na kumwaga fedha mchangani.

Badala ya kugawa paneli bure, mradi ulichagua kuzipa kampuni motisha ya kufika huko. Kampuni ililipwa kwa kadiri ya mitambo iliyouza na kuthibitishwa kuwa inafanya kazi katika kaunti hizo, na pia kulikuwa na mikopo ya kugharimia mzigo. Wazo lilikuwa kwamba bila msaada, hakuna mfanyabiashara ambaye angepeleka gari la bidhaa Loiyangalani au Elwak ilhali soko la Kiambu liko karibu.

Njia hiyo ina faida na kasoro zake. Kifaa kinachouzwa, hata kwa bei nafuu, huwa na mwenye kukitunza na kampuni ya kukirekebisha. Vifaa vingi vya bure vilivyogawiwa zamani katika shule na zahanati za mashambani viliachwa vikafa kwa kukosa betri mpya. Lakini familia isiyoweza kulipa hata kile kiasi kidogo hubaki na koroboi yake.

Koroboi nayo imekuwa ghali. Mnamo 2018, serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Shabaha ilikuwa kuwazuia walaghai waliokuwa wakichanganya mafuta hayo na dizeli. Matokeo mengine ni kwamba mwangaza wa mafuta taa ulipoteza unafuu wake, na taa ya sola ikawa na mvuto zaidi hata bila ruzuku.

Malipo ya kidogo kidogo

Nje ya serikali, kilichofungulia familia za kipato kidogo mlango wa sola ni simu ya mkononi. Baada ya M-Pesa kuanzishwa 2007, kampuni kama M-KOPA, iliyoingia sokoni 2012, zilianza kuuza mitambo kwa amana ndogo na malipo ya kila siku. Asiyelipa, mtambo wake huzimwa kutoka mbali hadi atakapolipa.

Utaratibu huu umewafaa wengi, kwani haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho yafaa kihesabiwe. Amana ya Sh3,000 na malipo ya Sh60 kwa siku kwa mwaka mzima hufikia Sh24,900. Mnunuzi anapaswa kuuliza bei ya pesa taslimu ya mtambo uleule kabla ya kutia sahihi, ili ajue mkopo unamgharimu kiasi gani. Msamaha wa ushuru unaweza kumezwa wote na riba isiyotajwa.

Wengine wanavyofanya

Mataifa mengine yamejaribu njia tofauti, na kila moja ina funzo lake.

Ujerumani, ambayo haina jua la kutisha, ilipitisha sheria mwaka wa 2000 iliyomhakikishia mwenye paneli bei maalumu kwa kila uniti atakayopeleka kwenye gridi kwa miaka 20. Gharama iliwekwa katika bili za wateja wote hadi 2022, na ikawa chanzo cha manung'uniko. Lakini uhakika wa miaka 20 uliwafanya hata wakulima kukopa benki na kufunika mapaa ya mazizi yao. Tangu Januari 2023, paneli za nyumbani huko hazitozwi VAT.

Nchini Marekani, serikali kuu ilikuwa ikimpunguzia mwenye nyumba kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama ya mtambo. Sheria ya 2022 iliahidi kiwango hicho hadi 2032. Kisha sheria nyingine iliyotiwa sahihi Julai 2025 ikakatiza ahadi hiyo, na afueni ikafika kikomo Desemba 31, 2025. Yaonekana basi kwamba kigeugeu cha sheria za sola si ugonjwa wa Nairobi pekee.

Afrika Kusini, ikisumbuliwa na mgao wa umeme, ilitoa punguzo la kodi la asilimia 25 ya bei ya paneli mpya, lisilozidi randi 15,000 kwa mtu, kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2024. Inveta na betri hazikuhesabiwa. India nayo ilizindua mpango mwaka wa 2024 unaolipa ruzuku ya moja kwa moja, hadi rupia 78,000 kwa mtambo wa kilowati 3 au zaidi, ikilenga nyumba milioni 10.

Mipango ya punguzo la kodi ya mapato humfaa mwenye mshahara unaokatwa kodi. Mkulima wa Bungoma au mvuvi wa Faza asiyewasilisha ripoti ya mapato hangeona chochote. Kwa upande huo, msamaha wa VAT ni wa haki zaidi kwa kuwa humgusa kila mnunuzi. Hata hivyo, haki yake ni nusu: anayenunua mtambo wa Sh1 milioni huokoa Sh160,000, ilhali anayenunua taa ya Sh2,000 huokoa Sh320. Afueni hukua kadiri mfuko unavyokua.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

Afueni yoyote huwa kazi bure ikiwa kifaa ni bandia au kimefungwa vibaya. Kanuni za umeme wa jua za 2012 ziliweka sharti kwamba mafundi na wauzaji wawe na leseni, ambayo sasa hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mafundi waligawanywa katika ngazi tatu, T1, T2 na T3. Wa ngazi ya kwanza anaruhusiwa kufunga mitambo midogo tu, na mitambo inayounganishwa na gridi ni kazi ya wa ngazi ya tatu. Kumwomba fundi aonyeshe leseni yake si kumvunjia heshima.

Aidha, mnunuzi anashauriwa kuchunguza alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), kudai hati ya dhamana iliyoandikwa kwa kila kifaa, na kuweka risiti. Betri ndiyo huchoka kwanza na ndiyo hula pesa nyingi baada ya miaka michache, hivyo bei yake ya kubadilishwa inafaa kuingizwa katika hesabu tangu mwanzo.

Wale wenye umeme wa gridi wanapaswa kuanza na bili. Kwa familia inayotumia uniti chache kwa mwezi, na ambayo tayari hutozwa kiwango cha chini cha wateja wadogo, mtambo mkubwa huchukua muda mrefu mno kujilipia. Anayefaidika haraka ni yule anayetumia umeme mwingi mchana, kama vile mwenye kinyozi, friji za duka au pampu ya maji.

Kuhusu ushuru wenyewe, mwananchi ana sauti kuliko anavyodhani. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili kila mwaka, na Katiba inalitaka Bunge kusikiliza maoni ya umma kabla ya kuupitisha. Kati ya Mei na Juni, kamati ya fedha hupokea mapendekezo kwa maandishi na kwa mdomo. Vifungu vya sola mara nyingi huwa mstari mmoja au miwili katika jedwali la nyuma, na hupita bila kelele. Kwa wakazi wa mabomani na mijini wanaokusudia kununua paneli mwaka ujao, mstari huo ndio utakaoamua kama bei watakayokuta dukani ni ile ya leo au imeongezwa asilimia 16.